Feringi kwa pikipiki uchi ya mashindano: ipi kwanza, ipi mwisho

Mara ya kwanza nilipoifungulia Suzuki SV650 isiyo na kava kwenye mnyooko wa Bentley, uwanja wa Snetterton nchini Uingereza, shingo yangu ilichoka kabla injini haijafika mwisho. Wenzangu wenye pikipiki ileile na injini ileile, ila zimevalishwa feringi, yaani lile ganda linaloziba pua, ubavu na tumbo la pikipiki, walinipita wamelala juu ya tangi kama wamesinzia. Baadaye tukakutana Cadwell Park, uwanja mwingine wa huko huko, penye vilima na kona zinazofuatana, na hao hao hawakuniacha kiasi kile. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa jiulize unakimbia wapi. Feringi inalipa kwenye mnyooko mrefu. Kwenye kiwanja kifupi cha kona tupu, matairi mapya yatakufaa zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 200, nguvu inayotakiwa kuupasua upepo karibu inakuwa maradufu. SV650 ina nguvu farasi 70 hivi, na Yamaha MT-07 iko hapo hapo. Pikipiki ya cc 1000 inaweza kuusukuma upepo kwa ubabe. Hizi zetu hazina ubabe huo.

Ila tusidanganyane: upepo mwingi unampiga mwendeshaji. Ukifunga feringi ukaacha usukani mpana wa kiwandani, umenunua pambo, maana viwiko vitabaki nje kama mbawa za kuku. Weka kwenye bajeti vishikio vya chini vinavyobanwa kwenye shokapu za mbele, pamoja na vikanyagio vilivyorudishwa nyuma.

Kingine, soma kanuni za daraja lako la mashindano. Yapo madaraja yanayotaka pikipiki ibaki uchi kama ilivyotoka kiwandani, na ukifika na feringi unarudishwa. Sehemu ambayo wakaguzi hawana mzaha nayo ni beseni la tumboni. Kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, kwa daraja la Superbike zinataka sehemu ya chini ya feringi iweze kushika angalau nusu ya oili na maji yote ya injini, isipungue lita 5, ili injini ikipasuka vitu hivyo visimwagike njiani na kumwangusha anayekufuata. Matundu ya kutolea maji ya mvua yasizidi mawili ya milimita 25, na siku ya jua yawe yamezibwa. Kwa hiyo beseni lenye urembo wa matobo chini, hata likiuzwa kwa jina la mbio, liache dukani.

Sasa orodha yangu. Wengi wanachagua kwa picha. Mimi nachagua kwa kuifikiria siku nitakayoanguka, kwa sababu itafika.

1. Seti ya faiba iliyotengenezwa kwa modeli yako. Nazungumzia faiba ya kawaida isiyopakwa rangi: pua, ubavu, beseni na mkia wa siti. Ikipasuka, unaisugua kwa msasa upande wa ndani, unalaza kitambaa cha faiba na resini, na kesho yake unafunga tena. Fundi yeyote anayeziba boti au bampa la matatu anaiweza kazi hiyo, na wewe utajifunza wikendi moja.

Kuwa makini na neno "modeli yako". SV650 ya 1999 hadi 2002 na ile ya 2003 zinafanana jina tu. Fremu na tangi ni vingine. Ile ya 2016 ndiyo kabisa, imerudi na fremu ya mabomba ya chuma. Muuzaji akikujibu "inaingia SV zote", mshukuru na uondoke.

Ulizia breketi, yaani chuma cha kuishikiza feringi, kabla hujaulizia rangi. Kwenye pikipiki uchi, taa ya mbele na dashibodi vimeshikizwa kwenye shokapu na vinageuka pamoja na usukani. Feringi ya mbio haitakiwi kugeuka. Inatakiwa ishike kwenye shingo ya fremu. Seti nyingine zinakuja bila breketi hiyo, na hapo ndipo bei nafuu inapoishia, kwa mchomeleaji. Breketi nzuri kwa maoni yangu ni ile ya bomba jembamba linalokubali kupinda. Ukianguka, ipinde yenyewe badala ya kuiharibu fremu.

Fedha haitoshi seti nzima? Anza chini upande juu. Nunua beseni kwanza, kwa sababu mkaguzi atakudai hilo kabla ya pua.

2. Feringi iliyotumika ya pikipiki ya cc 600. GSX-R600 na Yamaha R6 zimekimbia kwa wingi, hivyo magamba yake ya mbio yanapatikana kwa bei ya kutupa. Pua ya R6 kwenye SV inapendeza na inakata upepo vizuri. Kazi iko chini: beseni la injini ya silinda nne zilizojipanga halikai kwenye injini ya V, ambayo silinda yake ya mbele imelala kuelekea gurudumu, na ekzosi yake inapita palepale ulipotaka kufunga. Chagua njia hii kama una drili, subira na rafiki mwenye mashine ya kuchomelea. Bila hivyo utamaliza msimu ukiwa bado unapima.

Kwa anayedhani kuvalisha pikipiki ya kwendea kazini ni mchezo wa watoto, mwaka 2012 Ryan Farquhar alishinda mbio za Lightweight TT, daraja la pikipiki nyepesi, kwenye kisiwa cha Isle of Man kwa Kawasaki iliyotokana na ER-6, pikipiki ambayo watu walikuwa wakiendea ofisini.

3. Beseni na kioo kidogo cha pua. Ndiyo njia ya bei ndogo, na kwa msimu wa kwanza sioni ubaya wake. Kioo kikifungwa kwenye usukani, hata hivyo, upepo ukikishika kwa kasi usukani nao unatikisika. Kitafutie breketi ya fremu.

4. Kaboni faiba. Nyepesi, ngumu, inavutia macho. Inagharimu mara kadhaa ya faiba ya kawaida, na ukiteleza kwenye kona ya kwanza inavunjika vilevile. Aliye na mfadhili na anunue.

5. Seti za plastiki za barabarani. Zinakuja na rangi na stika tayari, bei inakuvuta. Zina nafasi za taa usizozihitaji, tumbo lake halizuii oili, na zikipata ufa hazikubali kiraka cha faiba kwa urahisi. Rahisi ghali. Kwa mbio sizipendekezi hata kama unapewa bure.

Mzigo ukifika, usitoboe tundu hata moja siku hiyo. Ishikize yote kwa utepe wa gundi, panda ukiwa umevaa helmeti na suti ya ngozi, lala juu ya tangi. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Vidole viwili vipite kati ya mpini wa breki ya mkono na ganda. Kisha mwombe mtu aibonyeze mbele kwa nguvu huku umeshika breki, uone kama gurudumu linafika kwenye beseni. Hewa ya moto kutoka kwenye rejeta nayo iwe na pa kutokea, kwa kuwa pua nzuri inayopikisha injini haina faida. Bandika karatasi ya kuzuia joto ndani ya beseni kabla ya kuwasha. Mimi niliibandika baada ya mazoezi ya kwanza, na bado nina alama ya kahawia mahali ekzosi ya mbele ilipobabua faiba.

Kwenye vifungo, tumia vile vya kuzungusha robo, aina ya Dzus. Ukitumia bolti za kawaida, siku mkaguzi akitaka kuona waya unaozuia kifuniko cha oili kisilegee dakika kumi kabla ya mbio, utajuta. Na kioo cha pua nunua viwili kwa mpigo. Cha pili kiache kwenye boksi lake, usikionyeshe mtu, maana jirani wa pitini akianguka asubuhi, wa kwanza kuombwa ni wewe.