Dereva nyota tano, ofisi nyota mbili: nusu siku ndani ya Mbuga ya Nairobi

Dereva nampa nyota tano. Ofisi iliyomtuma nampa mbili, na moja kati ya hizo ni ya maji ya chupa, maana yalikuwa baridi kweli. Jina la kampuni naliacha. Vikaratasi vyao havina tofauti na vya wengine wanaokushika mkono pale mjini.

Mimi ni dereva mstaafu wa matatu za Rongai, namba 125. Lango la mbuga pale Lang'ata Road nimelipita asubuhi na jioni miaka nenda miaka rudi, nikiwaza Bomas na msongamano wake. Safari hii binti yangu ndiye aliyelipa, shilingi 4,000 kwa kiti, ada ya kuingia kando. Nikakalishwa nyuma ya dereva. Maskini, hakujua nani anamchungulia.

Nianze na ofisi. Karatasi yao imeandikwa "wakubwa watano, uhakika". Mbuga hii haina ndovu wa porini. Ina simba, chui, nyati na vifaru, basi. Ndovu walioko ni yatima wanaolelewa kwenye kituo cha shirika la Sheldrick, na wale wana saa yao ya wageni, saa tano hadi saa sita mchana, kwa malipo mengine. Mama mmoja alikuwa ametoka Nakuru na wajukuu wawili kwa ajili ya ndovu. Dereva alimwambia pale pale langoni: "Mama, ndovu kwenye safari hii hatutawaona. Nikikudanganya sasa, saa nne utanichukia." Mama alinuna, lakini alijua anachokiingilia.

Halafu malipo. Langoni hawashiki pesa taslimu, unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali. Ofisi ilituambia tu "mtalipa mkifika", kwa hiyo kuna abiria alianza kufungua akaunti alfajiri ile, simu yake ikiwa na chaji ya kuazima, sisi wengine tukingoja garini. Simba akishapigwa na jua hujilaza kwenye nyasi, umemkosa.

Gari lilikuwa Hiace ya paa la kuinua. Bushi za mbele, vile vipira vya chini ya gari, zinalia na tajiri wake anajua, maana sauti ile haikuanza jana. Lakini mkono wa dereva! Usiku kulikuwa kumenyesha, na ule udongo mweusi wa mle ndani ukilowa unanata hadi magurudumu yanasahau kazi yake. Aliingia na gia ya pili, akaacha injini ishike gari, breki hakugusa. Mbele yetu mwingine aliyekanyaga mafuta kwa hasira alibaki palepale akirusha matope.

Karibu na Hyena Dam magari yalikuwa yamejazana, kumbe kuna simba. Niliona pengo upande wa kushoto, pengo zuri kabisa, na mguu wangu wa kulia ulikanyaga hewa. Yeye alizima injini, akakaa nyuma ya wote. Nikamwuliza kwa nini haingii. "Mzee, hapa hakuna abiria wa kugombania." Tuliona masikio mawili na ncha ya mkia. Waliojisukuma mbele waliona zaidi, siwezi kukana. Nyota zake tano ziko palepale.

Kilichonilipia pesa ya binti yangu kilikuja baadaye, dereva aliposimamisha gari tukaangalia kusini. Mbuga ina kilomita za mraba 117, na ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini. Upande wa mji kuna ua. Kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, hakuna, na huko ndiko wanyama hutawanyika kwenye mvua kuelekea tambarare za Athi na Kapiti, kisha hurudi kiangazi kufuata maji ya mabwawa. Sasa huko wanakokwenda kumejaa ploti za futi 50 kwa 100. Madereva wenzangu wengi wamenunua Kitengela, huko huko kusini, wakaweka waya siku hiyohiyo, na nani atawalaumu? Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasizungushe ua, lakini bei ya ploti unaishindaje kwa kodi ya malisho?

Alitueleza pia habari za mwaka 2012, simba sita walipouawa Kitengela baada ya kula mifugo, na za Richard Turere, aliyekulia mpakani hapo na akiwa na miaka 11 akabuni taa za kumwekamweka zinazomfanya simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Hakuchukua upande wa simba wala wa mwenye ng'ombe. Wajukuu wa yule mama walisahau ndovu, wakawa wanauliza taa zinatengenezwaje.

Kifaru tulimwona, maghorofa ya mji nyuma yake, kila mtu akapiga picha ileile. Tulisimama pia pale pembe za ndovu zilipochomwa: tani 12 enzi za Moi mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016. Reli mpya ya SGR inapita juu ya mbuga kwa daraja refu la nguzo, na tangu 2019 treni ya Naivasha hukatiza hapo. Twiga hupita chini, ndiyo, lakini mimi ile zege inanikera macho. Dereva alisema tu kwamba kesi zilienda mahakamani na reli ikajengwa.

Ofisi iliahidi kuturudisha mjini kabla ya saa sita. Saa saba kasoro tulishushwa kando ya Lang'ata Road kwa sababu gari lilikuwa na kundi la mchana linalongoja. Nilipiga simu kulalamika, wakanipa "pole mzee" na kuponi ya safari nyingine.

Ukienda, lipa ada usiku uliotangulia ukiwa nyumbani, na beba darubini yako, ya kwao ina ukungu ndani. Kuponi nitaitumia kiangazi, ila nimewaambia: dereva awe yuleyule, na bushi ziwe zimebadilishwa.