Mwongozo wa kununua taima ya kumwagilia nyasi za nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, na namna ya kuipanga

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi zenye kipande cha nyasi mbele ya baraza, maji hayafiki kwenye springla moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Hupitia kwanza tangini, kisha kwenye pampu, na pengine asili yake ni kisima. Vitabu vya maelekezo vinavyofungashwa pamoja na mashine za kumwagilia havizungumzii nyumba ya namna hii, kwa kuwa huandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa Marekani au Ulaya ambaye bomba lake lina presha mchana na usiku na ambaye umeme wake haukatiki mara kwa mara. Ndiyo sababu mpangilio unaofuata haujali sana wingi wa mambo ambayo mashine inaweza kufanya. Umejengwa juu ya presha ya maji, hali ya umeme, na kiasi cha maji kinachokaa tangini.

Presha ndiyo ya kuanza nayo, kwani huamua hata kama una haja ya kununua taima. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban bari 1, kwa hiyo tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 au 4 hutoa bari 0.3 au 0.4 tu. Springla ya kawaida inayochomoza ardhini na kurusha maji kama feni huhitaji kiasi cha bari 2 ili irushe ipasavyo, na zile zinazozunguka na kurusha mbali huhitaji zaidi ya hapo. Vali za umeme nazo, ambazo hufunguka kwa utando wa mpira unaosukumwa na maji yenyewe, kwa kawaida hutaka bari 1 au zaidi, la sivyo hazifunguki vizuri au hazifungi kabisa. Asiye na pampu, na ambaye bomba la mamlaka halimpi presha ya uhakika, anunue pampu kwanza na taima baadaye.

Pampu ikishapatikana, ndiyo itakayokuambia ununue mashine ya kanda ngapi, yaani sehemu ngapi za bustani zitakazomwagiliwa kwa zamu. Kichwa cha springla chenye kurusha nusu duara kwa umbali wa mita 4.5 hutumia takriban lita 7 kwa dakika. Pampu ndogo ya nusu nguvu ya farasi, ambayo imeenea sana majumbani, ikitakiwa kutoa bari 2 itasukuma lita 20 hivi kwa dakika, yaani vichwa viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Bustani yenye vichwa 10 itagawanywa basi katika kanda nne, kila moja na vali yake. Kupima kwa ndoo ya lita 20 chini ya bomba lililo wazi hudanganya, kwa sababu pampu isiyosukuma dhidi ya presha yoyote hutoa maji mengi kuliko itakavyotoa ikishaunganishwa na springla. Soma jedwali la pampu au kibati kilichobandikwa ubavuni mwake.

Ya kwanza: mashine ya ukutani ya volti 24

Kwa nyumba yenye pampu na kanda tatu hadi nane, chaguo la kwanza ni mashine ya kawaida ya ukutani inayopokea umeme wa nyumbani, kuupunguza kwa transfoma hadi volti 24, na kuupeleka kwenye vali kwa nyaya nyembamba. Hunter X2 na Rain Bird ESP-TM2 ni mifano miwili mizuri ya aina hii. Zote zina ratiba tatu zinazojitegemea, A, B na C, na kila ratiba inakubali saa nne za kuanza. X2 hutengenezwa kwa kanda 4, 6, 8 au 14, na ESP-TM2 kwa kanda 4, 6, 8 au 12. Mwenye kanda nne leo afikirie kununua ya sita, kwa sababu mashine hizi haziongezewi kanda baadaye, na mara nyingi watu hukumbuka maua na ua wa michongoma baada ya nyasi kushamiri.

Sababu ya kuzipa nafasi ya kwanza ni mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu isiyotegemea umeme: umeme ukikatika usiku kucha, ratiba hubaki ilivyokuwa. Mashine duni hupoteza kila kitu, au hurudi kwenye ratiba ya kiwandani na kumwagilia kila siku bila mwenye nyumba kujua, hivyo muulize muuzaji jambo hili kabla ya bei. Ya pili ni kituo cha kuunganishia pampu. Kituo hicho hakiendeshi pampu chenyewe, maana hutoa volti 24 na mkondo mdogo. Hutoa amri kwa rele, na rele ndiyo inayowasha pampu kwa umeme wa nyumbani. Fundi anayetaka kuifunga pampu moja kwa moja kwenye mashine ataiunguza siku hiyo hiyo. Kama pampu yako ni ya otomatiki, inayojiwasha yenyewe presha inaposhuka, rele haihitajiki na kituo hicho kitabaki wazi.

Mashine hizi zote mbili zinaweza kuongezewa baadaye kifaa cha Wi-Fi, na hilo linatosha kumaliza mjadala wa iwapo ulipe gharama za intaneti tangu mwanzo. Unaponunua, hakikisha ni toleo la volti 230, si 120. Ndugu walio Marekani hutuma vitu hivi kwa moyo mwema, lakini mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la kule huja na transfoma ya volti 120, ambayo haitadumu kwenye soketi zetu. Ifunge pia nyuma ya kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka, cha aina ile ile inayolinda jokofu.

Ya pili: taima ya koki inayotumia betri

Kwa kipande kidogo cha nyasi kinachotosheka na kanda moja au mbili, hakuna haja ya nyaya wala kuchimba mtaro. Taima ya betri hufungwa kwenye koki, mpira wa maji hufungwa kwenye taima, na kazi imekwisha. Ikiunganishwa na pampu ya otomatiki hufanya kazi vizuri ajabu, kwa sababu taima inapofungua maji presha hushuka na pampu hujiwasha.

Hapa mnunuzi anatakiwa kuangalia kilichomo ndani. Baadhi zina utando wa mpira na hazifunguki presha ikiwa ndogo. Nyingine zina mota ndogo inayozungusha tufe lenye tundu, na hizi hufunguka hata kwa maji ya tangi bila pampu. Nunua za aina hii ya pili. Presha ya tangi pekee haitarusha springla, lakini itatosha kulisha mirija ya matone kwenye maua. Ubaya wake ni mmoja mkubwa: betri ikifa wakati tundu liko wazi, hubaki wazi, na tangi zima huishia bustanini. Taima nzuri hukataa kufungua betri inapokuwa dhaifu, na boksi lake litasema hivyo.

Ya tatu: mashine ya betri inayokaa kwenye shimo la vali

Hunter NODE ni mfano unaojulikana: ni duara dogo lisiloingia maji, linatumia betri ya volti 9, na lipo la kanda 1, 2, 4 au 6. Linafaa mahali pasipo na umeme, kwa mfano kiwanja cha pili au kingo za barabara nje ya geti, mradi maji yenye presha yapo. Linahitaji vali zenye koili inayofungua na kufunga kwa msukumo mfupi wa umeme wa betri (DC latching), wala si koili za volti 24 zilizozoeleka madukani, na kupata koili ya akiba nje ya miji mikubwa kunaweza kuwa kazi. Nimeliweka la tatu kwa sababu hiyo tu.

Ya nne: mashine ya intaneti tangu mwanzo

Mashine zinazotumia Hydrawise, mfumo wa Hunter wa kuendesha umwagiliaji kwa intaneti, husoma taarifa za hali ya hewa na kupunguza au kuruka siku za kumwagilia. Kwa mtu anayesafiri sana, au anayesimamia nyumba ya Arusha akiwa Muscat, uwezo wa kuzima maji kwa simu una thamani ya kweli. Kwa anayeishi nyumbani, fedha hizo zingenunua vali bora na chujio. Karibu zote hukubali Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, na ukuta wa matofali kati ya ruta na stoo ya pampu huweza kuizuia kabisa. Jaribu kwa simu yako papo hapo kabla ya kutoboa ukuta.

Ya tano: taima ya soketi

Wapo wanaochomeka pampu kwenye taima ya soketi na kuacha vali zote. Kwa kanda moja hufaa, ikiwa taima inamudu mkondo wa pampu wakati inapoanza kuzunguka. Zile za gurudumu husimama umeme unapokatika na kuendelea ulipoishia, kwa hiyo baada ya wiki yenye mgao nyasi zako zitamwagiliwa saa sita mchana. Ni suluhisho la muda.

Usinunue kamwe taima ya koki isiyo na maelezo ya presha ya chini kabisa inayohitaji.

Kuipanga ratiba

Chukua mfano wa nyasi zenye ukubwa wa mita za mraba 150, vichwa 10, kanda nne na tangi la lita 2,000. Kipimo cha kuanzia kinachotumika sana ni milimita 25 za maji kwa wiki. Kwa kuwa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, wiki nzima itataka lita 3,750, na hapo inaonekana mara moja kwamba tangi halitoshi kuyatoa yote kwa siku moja. Gawanya kwa siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila siku lita 1,250. Vichwa 10 vyenye kutumia lita 7 vikifanya kazi dakika 18 kila kimoja hutoa lita 1,260. Kwa hiyo ingiza dakika 18 kwa kila kanda.

Saa ya mashine hairuhusu saa kumi na moja alfajiri kama tunavyoihesabu sisi. Kwenye kioo itasomeka 5:00 AM. Alfajiri inafaa kwa sababu upepo umetulia, jua halijaanza kukausha maji, na majani hukauka mapema asubuhi badala ya kulala na unyevu unaoalika ukungu.

Saa ya kuanza ndipo watu wengi wanapoharibu. Wengi hudhani kila kanda inahitaji saa yake, hivyo huingiza 5:00, 5:18, 5:36 na 5:54. Mashine haielewi hivyo. Saa moja ya kuanza huendesha kanda zote kwa zamu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na ukiingiza saa za kuanza nne, mzunguko mzima hurudiwa mara nne. Kwa bustani ya mfano wetu hizo ni lita 5,040 kutoka kwenye tangi la lita 2,000, na pampu itaendelea kuzunguka bila maji hadi sili yake iungue. Ingiza 5:00 AM peke yake. Kazi yote itaisha saa kumi na mbili na dakika 12. Hata hivyo, weka swichi ya boya tangini ili pampu izimike maji yanapokwisha, kwa sababu mamlaka ya maji haina habari na ratiba yako.

Saa ya pili ya kuanza ina matumizi yake halali. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kama ule mweusi wa sehemu nyingi za Nairobi, maji huanza kutiririka kabla ya dakika 18 kwisha. Punguza kila kanda hadi dakika 9, kisha weka saa mbili za kuanza, 4:30 AM na 5:30 AM. Mzunguko wa kwanza utaisha 5:06, udongo utapata muda wa kunywa, na wa pili utakamilisha.

Dakika hizo 18 zichukuliwe kuwa asilimia 100 kwa kiangazi cha Januari na Februari. Mashine nzuri zina mahali pa kubadilisha asilimia bila kugusa dakika za kanda moja moja. Wakati wa kipupwe jaribu 70 na uitazame ukoka kama inalalamika, na masika ikianza rahisi zaidi ni kuzima. Kihisi cha mvua kitaifanya kazi hiyo kwa ajili yako. Ndani yake kuna visahani vinavyovimba vikilowana na kukata umeme wa vali, na unaweza kukipanga kikate, kwa mfano, baada ya mvua ya milimita 6. Kifunge mahali wazi ambapo springla haikifikii na paa halikikingi. Wakati wa kukiunganisha, kiondoe kile kipande kifupi cha waya kilichowekwa kiwandani kati ya vituo viwili vya kihisi, kwani kikibaki, mashine haitajua kwamba mvua imenyesha.

Ukimaliza, andika ratiba kwenye karatasi, kanda ipi iko wapi na dakika zake, uibandike ndani ya mfuniko. Anayeitunza bustani ndiye atakayeihitaji fundi atakapokuja kubadilisha vali wewe ukiwa kazini.