TAHADHARI: rulema za remorki zinazouzwa kama mpya hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wenye remorki (trela), hasa mnaobeba mahindi, makala na saruji kwenye barabara za Kipushi, Likasi na Kasumbalesa: kuna muuzaji wa rulema (beringi za magurudumu) hapa mjini anayetembea na fundi wake, na wawili hao wanatuharibia vyombo. Jina silitaji. Naeleza wanavyofanya ili wakikufikia uwatambue.

Anakuletea boksi safi lenye jina la Timken au SKF. "Papa, hii orijino, imetoka Bulaya." Bei yake ni kama nusu ya ile ya dukani. Ndani mna rulema iliyokwisha kutembea kwenye gari la mtu mwingine: imeoshwa kwa benzini, ikasuguliwa msasa, ikachorwa namba upya, ikapakwa mafuta na kufungwa kwenye nailoni. Kampuni hizo hazina kosa, nazo zinaibiwa jina.

Dereva wetu alisimama kabla ya kufika Kasumbalesa kwa sababu ya harufu ya kuungua. Kitovu cha gurudumu la kushoto kilikuwa kinatoa moshi, na grisi ilikuwa imeyeyuka, ikapita sili (kizibo kinachozuia grisi isitoke) na kuingia kwenye breki. Tulipofungua tulikuta keji (fremu inayoshika rola) imekatika na rola (vyuma vidogo vinavyobingirika ndani ya rulema) zimegeuka rangi ya buluu. Rulema ilikuwa na siku chache tu. Tulipomrudia muuzaji alisema tumepakia kupita kiasi, na palepale akatuonyesha ekseli ya mitumba anayoiuza. Hapo ndipo nilipoelewa biashara yake: anakuuzia kitu kibovu, kinaharibu ekseli, kisha anakuuzia ekseli.

Kabla ya kulipa, itoe rulema kwenye nailoni uipeleke kwenye jua. Tazama ndani ya tundu linaloingia kwenye ekseli. Ukiona mistari ya kutu au mikwaruzo ya kuzunguka, imeshavaliwa. Tazama upande mnene wa kila rola: duara linalong'aa peke yake ni alama ya kusuguana na ukingo. Pitisha ukucha juu ya namba, na kama chuma chini yake kimeparuzwa, namba ya kwanza imefutwa. Kwa boksi la SKF kuna programu ya simu iitwayo SKF Authenticate: unapiga picha, unaituma, wanakujibu. Muuzaji mkweli hatakukataza.

Tena pima tundu kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana). Koni (sehemu ya ndani ya rulema, yenye rola) za namba L44643 na L44649 zinafanana kwa macho, na zote mbili zinakaa kwenye kikombe (pete ya nje) kimoja, L44610. Lakini tundu la kwanza ni milimita 25.4 na la pili 26.988. Ukiwa na ekseli ya 25.4 ukapewa ile kubwa, itaingia kwa urahisi mpaka ufurahi, halafu itazunguka juu ya ekseli na kuila. Huyu bwana anakupa iliyopo mkononi.

Sasa fundi wake. Huyu ananitia hofu kuliko muuzaji, maana hata rulema nzuri itakufa mikononi mwake. Anaacha kikombe cha zamani ndani ya kitovu, anasema "hiki bado kizima, papa". Usikubali. Kikombe na koni vinabadilishwa pamoja, kwa sababu rola mpya haziwezi kukaa sawa kwenye njia iliyochimbwa na rola nyingine. Kikombe kipya kinagongwa kwa fimbo ya shaba, kidogo huku kidogo kule, mpaka mlio wa nyundo ubadilike na kuwa mzito: hapo kimekaa chini. Grisi nayo anaipaka juujuu kama siagi kwenye mkate. Inatakiwa uiweke kiganjani, ukandamize upande mpana wa koni mpaka itokeze upande wa pili katikati ya rola zote. Na sili iwe mpya.

Kosa lake kubwa liko kwenye nati. Anaunganisha bomba kwenye spana na kukaza mpaka gurudumu linazunguka kwa shida, kisha anakuambia haitalegea tena. Rulema za aina hii hazitaki kubanwa. Chuma kikipata joto kinatanuka, na kama hakuna nafasi, rola zinajikaanga zenyewe. Kwa remorki ndogo unakaza nati huku gurudumu likizungushwa, kwa nguvu ya nyutoni-mita (Nm) 68 hivi, ili kila kitu kikae mahali pake. Halafu unailegeza kabisa bila kuzungusha kitovu, unaikaza tena kwa vidole tu, unatia gupiya (pini inayozuia nati isizunguke). Gupiya isipoingia kwenye tundu, rudisha nati nyuma kidogo, usiongeze kukaza. Mchezo, yaani ulegevu, unaobaki ni kati ya milimita 0.025 na 0.25. Ukishika gurudumu juu na chini ukalitikisa, utausikia kwa shida.

Ukimaliza, tembea kilomita chache bila mzigo, simama, sogeza mkono polepole karibu na kitovu. Uvuguvugu ni kawaida. Kikiwaka moto kuliko cha upande wa pili, fungua tena hapohapo.

Kama ulishanunua kwa mtu wa namna hii, usipakie tena kabla ya kufungua magurudumu yote, hata yale ambayo bado yanazunguka vizuri. Fundi yeyote akikubadilishia, dai rulema zako za zamani mkononi, maana huyu wa kwetu aliziomba "akatupe", na naamini ndizo zinazoingia kwenye maboksi. Zilizokwisha zikate keji kwa meule (mashine ya kukatia na kusagia chuma) kabla hazijafika kwa wanunuzi wa chuma chakavu.