Kifurushi cha katikati ya wiki cha Tesco: hesabu nzuri, jioni inavuja

Aliyezoea kifurushi cha intaneti cha usiku ataelewa haraka mpango wa Off-Peak (yaani siku zisizo na msongamano) wa Tesco, kampuni ya maduka makubwa ya vyakula Uingereza. Unalipa ada ya mwezi, unaletewa bidhaa nyumbani bila kulipia kila safari, ila Jumanne, Jumatano na Alhamisi tu. Anayetaka siku yoyote hununua Anytime, na huo ni ghali zaidi.

Siri iko kwenye gari. Dereva analipwa zamu nzima na jokofu linanguruma, awe na oda tano au kumi na tano. Kila mteja anayekubali kuhamia Jumatano anajaza kreti ambalo lingetoka tupu, na Jumamosi anampisha mwenzake.

Ubaya wa kulipia kwa mkupuo ni kwamba safari huonekana ya bure: mtu anaagiza maziwa leo, sabuni kesho, na gari linarudi mlango ule ule. Tesco wameziba hapo kwa kiwango cha chini cha £50 kwa oda. Kabla ya Mei 2023 kilikuwa £40. Ukipungukiwa, unaongezewa £5. Oda ndogo mbili tayari ni £10, na faida ya kifurushi imekwisha. Ni kali kwa anayeishi peke yake, lakini bila hiyo bei ya ada ingepanda kwa wote.

Kinachokera ni kwamba punguzo limefungwa kwa siku, si kwa saa. Jumanne saa sita mchana na Jumanne saa moja jioni ni mamoja, kwa hiyo waliotoka kazini wanarundikana jioni na mchana unabaki mweupe. Wangeshusha kiwango hadi £40 kwa anayepokea mchana, wengi wangehama.

Kulipia ada hakukuwekei nafasi. Chagua saa mapema, jaza kapu vitu vikavu mpaka £50 (mchele, unga, mafuta, sabuni), kisha ongeza nyama na mboga kabla oda haijafungwa, kwa kawaida usiku wa kuamkia siku ya kuletewa. Gawa ada kwa idadi ya safari zako za mwezi. Ukipata zaidi ya bei ya safari moja ya kawaida, achana nacho. Na zima malipo ya kujirudia, maana muda ukiisha kinajihuisha chenyewe.