Tambi pana za mchele kwa gon chau ngau ho: mbichi, kavu, au za kutengeneza mwenyewe?

Tambi kavu za mchele zenye upana wa milimita 10 zinatosha kabisa kupika gon chau ngau ho nzuri (tambi zilizokaangwa na nyama ya ng'ombe) nyumbani, mradi usizichemshe kwa dakika zote zilizoandikwa nyuma ya pakiti. Mbichi ni tamu zaidi, hilo halina ubishi, ila utamu wake ni wa saa chache. Tambi mbichi iliyolala siku tatu kwenye jokofu la duka ni mbovu kuliko kavu, na kwa kawaida bei yake iko juu.

Chakula chenyewe ni cha jiji la Guangzhou, kusini mwa China, na watu wa Kikantoni. Tambi zake, ho fan, zimepata jina kutoka Shahe, mji mdogo wa zamani ambao leo umo ndani ya wilaya ya Tianhe ya jiji hilo. Wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Guangzhou na kufikia mitaa ya Xiaobei hawahitaji kwenda mbali kuipata. Ngau ni ng'ombe, chau ni kukaanga, na gon ni kavu: hakuna maji, hakuna rojo. Ipo ndugu yake yenye rojo, sap chau, ambayo inasamehe mengi. Hii kavu haisamehe. Tambi ikikatika au ikigandana, huna mchuzi wa kufichia, ndiyo maana tunaanza na tambi kabla ya nyama.

Mbichi huuzwa kama shuka za mchele zilizopakwa mafuta na kukunjwa, zima au zilizokwishakatwa. Zipime kwa kidole: ikijikunja bila kupasuka, ni ya leo. Ikiwa ngumu na imepauka, wanga umeshaganda kwa baridi, na ukiitupa karaini hivyo hivyo itavunjika vipande vipande. Dawa yake ni mvuke wa dakika 3, au maikrowevu kwa sekunde 60 hadi 90, halafu unazitenganisha moja moja kwa mikono zikiwa bado za moto. Usiziloweke kwenye maji ya moto. Zimeshaiva tayari, zitanywa maji zaidi na kulegea. Wala usiziache mezani usiku kucha kwenye joto la pwani: bakteria aitwaye Bacillus cereus hupenda wanga uliopikwa, na sumu yake ya kutapisha haivunjwi na moto wa jikoni.

Kavu huja zaidi kutoka Thailand na Vietnam, na pakiti ya gramu 400 hivi inatoa sahani nne. Upana ndio wa kuangalia kwanza. Za milimita 3 au 5 ni za supu na za kukaanga kwa namna nyingine. Hapa zitajiviringisha kama uzi. Kisha soma viungo. Zenye mchele na maji tu zina ladha safi lakini ni rahisi kukatika. Zilizoongezwa wanga wa muhogo huvutika zaidi na zinavumilia kurushwa, ila zinanata usipozisuuza vizuri. Kwa anayeanza, chukua zenye wanga wa muhogo.

Kosa kubwa la kavu ni kuzichemsha hadi ziive. Zitaiva mara ya pili karaini na kuwa uji. Loweka gramu 100 kwa kila sahani kwenye maji ya kawaida kwa dakika 45 hadi saa nzima, mpaka zijikunje huku katikati kukiwa bado na weupe mgumu. Zitie kwenye maji yanayochemka dakika 1 hadi 2, onja. Zikibakiza ugumu kidogo kwenye jino, zitoe. Suuza kwa maji baridi hadi maji yatoke safi, chuja, changanya na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kisha zitandaze kwenye sinia dakika 20. Watu huona kutandaza huku ni kupoteza muda. Si hivyo. Maji yaliyobaki juu ya tambi hugeuka mvuke karaini, na tambi huchemka badala ya kukaangika.

Njia ya tatu ni kutengeneza mwenyewe, na kwa nyumba inayopika vitumbua unga wa mchele tayari upo. Gramu 120 za unga wa mchele laini, gramu 30 za wanga wa muhogo (wanga mweupe uliochujwa, si unga wa ugali), mililita 300 za maji, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta na chumvi kidogo. Acha dakika 30, koroga upya kila unapomimina kwa sababu unga hutuama chini, kisha mimina tabaka la milimita 2 kwenye trei iliyopakwa mafuta na uweke kwenye mvuke mkali dakika 4. Iache ipoe kabla ya kuibandua, halafu kata mapande marefu yenye upana wa sentimita 2. Ulaini wake unashinda kavu zote. Tatizo ni muda: sahani mbili hukula karibu saa nzima, na shuka mbili za kwanza huwa na mabonde.

Sasa karai. La chuma chepesi cha milimita 1.5 hadi 2, kipenyo cha sentimita 35 hivi, lililokwishakolezwa mafuta hadi likawa jeusi, ndilo linalofaa. Kikaango chenye utando wa kuzuia kunata hakifai: utando huo haupaswi kupita nyuzijoto 260 hivi, na chakula hiki kinataka zaidi. Jiko la gesi la nyumbani hutoa kilowati 3 hadi 5 kwenye kichwa kikubwa; la mgahawa wa Kikantoni linaweza kupita 30. Pengo hilo halizibwi kwa ustadi wa mkono. Unalipunguza kwa kupika sahani moja moja, gramu 200 za tambi zilizo tayari, basi. Ukijaza karai, joto linaanguka na ile harufu ya moto wanayoiita wok hei, pumzi ya karai, haiji.

Kwa sahani moja: gramu 120 za nyama laini, sarara ikipatikana, ikatwe kukingama nyuzi kwa unene wa milimita 3. Changanya na kijiko cha chai cha sosi ya soya nyepesi (light soy sauce), nusu kijiko cha wanga wa mahindi, kijiko cha mafuta, na robo ndogo ya kijiko cha bikaboneti, ile ya keki. Bikaboneti huzuia protini isijikaze. Ukizidisha, nyama inakuwa na ladha ya sabuni. Iache dakika 30.

Wakantoni husema karai moto, mafuta baridi. Pasha karai tupu hadi litoe moshi, ndipo utie kijiko cha chakula cha mafuta na utandaze nyama. Usiiguse sekunde 30. Igeuze, itoe ikiwa na wekundu kidogo. Choroko zilizochipua, konzi moja, zipate sekunde 20 na zitoke pia. Zikikaa zitamwaga maji. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta, tia tambi, ziache zishike rangi sekunde 30, kisha zigeuze kwa vijiti huku ukirusha karai. Mwiko wa chuma unazikata. Sosi ni vijiko viwili vya chai vya soya nyepesi, kimoja cha sosi ya soya nyeusi (dark soy sauce) na chembe ya sukari, ikimiminwa ukingoni mwa karai ili iungue kidogo kabla ya kufika kwenye tambi. Rangi inatoka kwenye ile nyeusi. Ukiitafuta kwa nyepesi utaishia kwenye chumvi. Rudisha nyama na choroko, tupia vitunguu vya majani vilivyokatwa virefu, sekunde 30, pakua.

Kwa sahani ya siku ya kazi, nunua kavu. Ukiwa karibu na duka linalopokea mbichi asubuhi, nunua hizo na uzipike siku hiyohiyo. Ukimaliza kula, tazama chini ya sahani: panatakiwa mng'ao wa mafuta tu. Pakiwa na kidimbwi, usikimbilie kupunguza mafuta. Mara nyingi karai halikupata moto, tambi zikanata, na mpishi akaongeza mafuta ili kuzikwamua.