Mbegu ya muhogo Kizimbani: nyota nne kati ya tano

Assalam alaykum wakulima wenzangu, hii naandika kwa anaetaka kupanda muhogo msimu huu, khasa nyie mliochoka kungoa shina juu majani kijani yamesitawi halafu ukikata chini unakuta madoa ya kahawia, umeoza, kazi yote imekwenda bure. Huo ndo ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaletwa na kirusi kinachobebwa na nzi weupe na pia kinasafiri ndani ya vijiti tunavyopeana vya kupandia.

Mie nimepanda Kizimbani, ile iliyotolewa huku Zanzibar 2007 pamoja na mbegu za Mahonda, Kama na Machui, na wallahi nimengoa muhogo mzima mweupe hadi ndani. Ukichemshwa unapasuka vizuri, na wa nazi ndo umekubali kabisa. Utamu kwangu haufiki ule wa mbegu za kizamani lakini muhogo mtamu uliooza utamlisha nani?

Sasa kuna watu wanaukataa ati ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara. Hapana jamani, huu ni wa kuzalisha kwa kawaida: wataalamu wanapandisha muhogo na muhogo, mbegu za ua zikioteshwa kila mche una tabia zake kama watoto wa mama mmoja, wanaipanda penye ugonjwa mwingi, inayougua inatupwa, inayostahamili wanaendelea nayo miaka. Na kazi hii si ya jana, pale Amani kule Tanga tokea miaka ya 1930 walikuwa wakichanganya muhogo na jamaa yake wa porini, aina moja ya mti wa mpira, wakitafuta ustahamilivu huuhuu.

GMO ni njia nyengine. Kenya 2021 waliruhusu muhogo unaoitwa 4046 upandwe kwenye majaribio ya kitaifa, huo umetiwa maabara vipande vya jeni za virusi wenyewe, basi kirusi kikiingia mmea unakitambua na kukikatakata. Mie sioni ubaya wake, ukija kuruhusiwa huku nitaupanda, ila kuitia Kizimbani kundi hilo ni kuwanyima watu mbegu nzuri kwa uvumi.

Nyota moja nimeikata kwa muuzaji. Fungu zima kaniambia Kizimbani, kumbe kachanganya, miche ilipotoa majani nikaona si mamoja na ile migeni ndo iliyooza, inaudhi kwa sababu muhogo unakaa ardhini miezi hujui kitu mpaka siku ya kungoa. Kwa hio ukienda kununua usichukue vijiti vilivyokwishakatwa, nenda kondeni kwake, mwambie akungolee shina moja mkate muhogo muone ndani, na shina lenye majani ya manjano manjano usilikubali hata likiwa Kizimbani ya kweli, maana kustahamili si kwamba kirusi hakiingii kabisa. Akikataa kungoa, tafuta mwengine.