Taa ya LED ya wati 100 ndani ya kabati la nguo: uzoefu wangu wa kukuza miche Arusha

Taa yenyewe ni nzuri, kijitabu chake hakifai, na maandishi ya kwenye boksi si ya kweli. Boksi limeandikwa 1000W. Ukiichomeka kupitia kipima umeme cha kwenye soketi, inavuta wati 97 ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Ile namba kubwa ni ya kuilinganisha na taa za zamani, na haimsaidii mnunuzi kitu. Dukani uliza swali moja tu: inavuta wati ngapi ukutani? Muuzaji akikwama, geuza taa usome lebo ndogo iliyobandikwa kwenye draiva, ile boksi ya chuma iliyo mgongoni. Hapo volti na ampea huwa zimeandikwa sawasawa.

Hii ni ile ya ubao bapa wa alumini, yenye vijitaa vyeupe na vichache vyekundu, na ina swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga. Zile zinazotoa mwanga wa zambarau ziache. Miche huota chini yake, lakini jani likianza kuwa njano huoni, kwa sababu kila kitu kinaonekana cheusi au cha waridi.

Kijitabu kinasema uitundike sentimita 30 juu ya mmea na uiwashe asilimia 100. Ukifanya hivyo kwa miche ya nyanya, ndani ya siku tatu majani yatajikunja juu kama kijiko na kupauka kingo. Maelekezo hayo yameandikwa kwa mimea mikubwa ya maua. Wateja wakubwa wa taa hizi huko nje ni wanaolima bangi ndani ya nyumba, Kanada ambako iliruhusiwa 2018 na katika baadhi ya majimbo ya Marekani, na karibu kila ushauri unaoupata kuhusu taa na kabati umetoka kwao. Hapa kwetu kulima bangi ni jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, iwe shambani au kabatini. Na hata ukichukua vipimo vyao kwa ajili ya hoho, utaunguza miche, maana mche mchanga unahitaji kama robo tu ya mwanga ule.

Kipimo kilichofanya kazi kwangu ni sentimita 45 kutoka kwenye ncha za miche, swichi ikiwa asilimia 60, saa 16 kwa siku. Simu yenye programu ya kupima mwanga inatosha kukuongoza: weka simu usawa wa majani na utafute laksi (kizio cha mwangaza) 12,000 hadi 15,000. Namba ya simu si sahihi kabisa, lakini inaonyesha vizuri tofauti ya katikati na pembeni, na hiyo ndiyo inayoua usawa wa miche. Katikati ya kabati nilipata 15,000, kwenye kona hazifiki 9,000. Kwa hiyo trei zibadilishane nafasi kila baada ya siku mbili. Ukiona mche umerefuka, shina jembamba na jeupe, umelalia upande mmoja, umekosa mwanga. Kuongeza mbolea hapo ni kuuharibu zaidi.

Kabati ni la kawaida la MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na ndani lina upana wa sentimita 90, kina 56 na urefu 180. Vipimo hivyo vinafaa, kwa sababu trei ya miche ina sentimita 54 kwa 28, hivyo tatu zinakaa bega kwa bega bila kulazimisha. Trei tatu za matundu 128 ni miche 384. Ukipanda nyanya kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, hiyo inatosha karibu mita za mraba 110 hata baada ya kutupa ile dhaifu.

MDF na maji haviivani. Kingo za chini zisipozibwa zinafura kama mkate ndani ya wiki chache, kisha mlango haufungi. Piga rangi ya mafuta mikono miwili sehemu yote ya chini, ziba maungio kwa silikoni, halafu tandika nailoni nene inayopanda ukutani sentimita 10. Kuta paka rangi nyeupe isiyong'aa. Watu wengi hubandika karatasi ya alumini ya jikoni, lakini ikikunjamana inakusanya mwanga sehemu moja na kuacha nyingine, na pia inapitisha umeme. Sioni sababu ya kuiweka jirani na waya.

Draiva niliitoa mgongoni mwa taa nikaiweka juu ya kabati, nje. Ni skrubu nne tu, na joto la ndani lilipungua mara moja. Soketi na taima viwe juu kuliko trei, na waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likitambaa liangukie chini, lisiingie kwenye plagi.

Sasa hewa, ambako wengi wanapoteza miche. Fundi kompyuta atakuuzia feni ya milimita 120 ya volti 12, na adapta ya ruta iliyokufa inaiendesha vizuri, mradi iwe volti 12 hizo hizo. Toboa tundu la feni juu kabisa nyuma, ikitoa hewa nje. Chini upande wa pili toboa matundu ya kuingiza, na jumla yake iwe kubwa kuliko tundu la feni, la sivyo feni inahangaika bila kuvuta kitu. Yafunike kwa neti laini, maana inzi weupe wakishaingia kwenye kabati lenye joto hutawatoa. Feni iende saa 24. Inakula kama wati 3 tu.

Bila feni unakaribisha ugonjwa wa kinyausi. Mche unalala jioni ukiwa mzima, asubuhi umelala kweli. Ukiinama uangalie, majani bado ni ya kijani, ila shina pale linapogusa udongo limesinyaa, limekuwa jembamba kama uzi na rangi ya kahawia. Hakuna dawa ya kuufufua huo. Ni kuvu wanaopenda udongo uliolowa, baridi na hewa iliyosimama. Ng'oa pamoja na udongo wa tundu lile na ya jirani, acha kumwagilia siku moja, halafu badili utaratibu: mimina maji kwenye sinia la chini, subiri dakika 20, mwaga yaliyobaki. Fanya hivyo taa inapowaka, usimwagilie inapokaribia kuzima.

Udongo wangu ni kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu mbili kwa sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, si jivu. Ukitumia udongo wa msituni, uchemshe kwa mvuke kwenye debe dakika 30. Mbolea anza majani halisi mawili yakishatoka, NPK 19:19:19, gramu 1 kwa lita ya maji, mara moja kwa wiki. Kuhusu maji, visima vingi vya upande wa Meru vina magadi, na ukiyatumia mfululizo majani mapya yanakuwa njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Maji ya mvua yanaondoa tatizo hilo. Kinga hata ndoo mbili.

Ratiba ya mwanga ni saa 12 jioni hadi saa 4 asubuhi. Arusha mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi, na taa inapandisha joto la kabati nyuzi 4 hadi 5 wakati miche inapolihitaji zaidi. Hoho hasa, maana chini ya nyuzi 20 mbegu yake inakaa tu udongoni. Moshi ratiba ni hiyo hiyo kwa sababu tofauti: kule mchana wa Januari na Februari joto linatosha lenyewe, na taa ikiwaka saa nane mchana ndani ya kabati inapika miche.

Umeme: wati 60 kwa saa 16, ukijumlisha feni, ni karibu uniti 1 kwa siku, yaani uniti 31 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 apige hesabu kabla ya kununua, kwa sababu akivuka kikomo bei ya uniti inapanda sana.

Taima ya kuzungusha kwa mkono usiinunue. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inasimama muda huo huo, na baada ya wiki ya kukatika-katika taa inawaka mchana. Chukua ya dijitali yenye betri ndani. Pia pitisha taa kwenye kile kifaa cha kulinda friji. Draiva ya kwanza iliungua umeme uliporudi kwa kishindo, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa, kwani duka nililonunulia halikuwa na draiva ya kuuza peke yake. Kabla ya kulipa, hakikisha vipuri vinapatikana.

Nyanya za aina ya Tanya na Tengeru 97 zinakuwa tayari siku ya 26 hadi 30, hoho siku ya 40 na kitu. Usizitoe kabatini moja kwa moja hadi shambani. Siku ya kwanza ziweke kivulini kwa muda wa saa mbili tu, uongeze kila siku kwa wiki nzima, na usiku wa mwisho zilale nje.